Bibi Asmaa bint Abubakar (R.A.): Mimba ya kwanza katika njia ya Hijra



Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kumtazama mwanamke ambaye jina lake limejaa majumbani mwetu. Ni nadra kuingia madrasa usimkute Asmaa mmoja au wawili wameketi mkekani. Wengi wetu tunamjua kwa mshipi wake alioupasua vipande viwili wakati wa Hijra. Wengine wanamjua kwa siku zake za mwisho, alipokuwa kikongwe kipofu, akamjibu Hajjaj bin Yusuf maneno yaliyomfanya ainuke na kuondoka kimya. Baina ya mambo hayo mawili ipo safari ambayo wahadhiri huipita kwa sentensi moja, nayo ni safari yake ya kutoka Makka kwenda Madina akiwa na mimba ya kwanza iliyokwisha timia. Hapo ndipo tunapotaka kukaa leo. Habari ya kuzaliwa kwa Abdallah bin Zubeir imesimuliwa sana. Habari ya aliyemzaa, na yaliyomfika katika kumbeba na kumzaa, imesimuliwa kidogo mno.

Asmaa alizaliwa Makka kiasi cha miaka 27 kabla ya Hijra, yaani karibu na mwaka 595 wa Miladia. Baba yake ni Abubakar Siddiq (R.A.), mfanyabiashara wa Kiquraish ambaye hatuna haja ya kumtambulisha. Mama yake ni Qutaila bint Abdul-Uzza, ambaye Abubakar aliachana naye kabla ya Uislamu. Abdallah bin Abubakar alikuwa ndugu yake wa baba na mama, na Bibi Aisha (R.A.) ni mdogo wake kwa baba, aliyezaliwa na mke mwingine, Umm Ruman. Tunamwomba msomaji aliweke akilini suala hili la mama mzazi na mama wa kambo, kwani tutalirudia.

Aliingia katika Uislamu mapema sana, na wanahistoria wanasema walikuwa wamemtangulia watu 17 tu. Mama yake hakuingia naye. Alibaki katika dini ya wazee wake, na binti akabaki upande wa baba. Baadaye Asmaa akaolewa na Zubeir bin Awwam, mtoto wa Bibi Safia, shangazi yake Mtume (S.A.W.), na mpwa wa Bibi Khadija (R.A.) kwa upande wa kaka yake. Kwa nasaba, Zubeir alikuwa kijana wa watu. Kwa mali alikuwa fukara, na Asmaa mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alipoolewa naye, mumewe hakuwa na kitu isipokuwa farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Binti wa tajiri akaingia nyumba isiyokuwa na kitu, na hatusomi popote kwamba alilalamika.

Quraish walipokula njama ya kumuua Mtume (S.A.W.), naye akapata idhini ya kuhama, alitoka yeye na Abubakar wakajificha siku 3 katika pango la mlima Thaur. Zubeir hakuwapo Makka siku hizo. Alikuwa na msafara wa wafanyabiashara unaotoka Sham, na kwa qadari ya Allah alikutana njiani na wahajiri hao wawili, akawavisha nguo nyeupe. Nyumbani Makka waliobaki ni wanawake, mzee mmoja kipofu, na kijana Abdallah bin Abubakar aliyekuwa akishinda mjini kusikiliza maneno ya Quraish na usiku kuyapeleka pangoni. Chakula kilikuwa kazi ya Asmaa. Masurufu ya safari yalipokuwa tayari, pakakosekana kitu cha kufungia. Akaufungua mshipi wake wa nguo aliojifunga kiunoni, mfano wa kibwebwe wanachojifunga mama zetu wakiwa na kazi nzito, akaupasua vipande viwili, kimoja akafungia mfuko wa chakula na kingine kiriba cha maji. Kwa ajili hiyo akaitwa Dhati Nitaqain, mwenye mishipi miwili. Miaka 70 baadaye askari wa Sham walilitumia jina hilo kumtukana mwanawe. Yeye alilipokea kama sifa, na kwa hakika ni sifa.

Abu Jahli alifika na kundi lake mlangoni kwa Abubakar, akamwuliza Asmaa baba yake yuko wapi. Akajibu kuwa hajui. Abu Jahli akamnasa kofi kali hata herini ikamruka sikioni. Kisha akaja babu yake, Abu Quhafa, mzee aliyepofuka na ambaye wakati huo hakuwa bado amesilimu, akiwa na wasiwasi kwamba mwanawe ameondoka na mali yote na kuwaacha watoto mikono mitupu. Mzee hakukosea. Abubakar alikuwa amechukua fedha zake zote, dirhamu 5,000 au 6,000. Asmaa akaokota mawe, akayapanga katika shubaka la ukutani baba yake alipokuwa akiweka fedha, akayafunika nguo, akaushika mkono wa babu yake na kuuweka juu yake. Mzee akapapasa, akatulia.

Hapa pana jambo tungependa kulirekebisha kwa adabu. Mara nyingi tunasikia katika mawaidha kwamba Asmaa alikuwa akiupanda mlima Thaur usiku huku tumbo limemjaa. Maneno hayo husisimua, lakini hesabu ya miezi haiyakubali. Yeye mwenyewe amesimulia, na riwaya yake imo katika vitabu sahihi, kwamba alitoka Makka akiwa ametimiza muda wake. Jamaa za Abubakar hawakuondoka siku moja na Mtume (S.A.W.), walichukuliwa miezi kadhaa baadaye, msikiti wa Madina ukiwa unajengwa. Basi katika zile siku za pango, ikiwa mimba ilikuwapo, ilikuwa changa, ile ya kichefuchefu na uchovu. Wapo hata wanahistoria walioandika kuwa mtoto alizaliwa mwaka wa pili wa Hijra. Hatumpunguzii Asmaa kitu kwa kusema hivi. Tunachosema ni kwamba ushujaa wa mimba ile haukuwa mlimani, ulikuwa katika njia ya jangwani, na hapo hauhitaji kutiwa chumvi.

Madina wakati ule ilikuwa katika hali gani? Wahajiri waliofika walipatwa na homa kali. Abubakar aliugua, na Bilal (R.A.) aliugua hata akawa analilia mabonde ya Makka, na Mtume (S.A.W.) akamwomba Allah aiondoe homa hiyo katika mji. Watu walikuwa wageni, wamepokewa katika nyumba za Ansari, wengi wao hawana mali. Zaidi ya hayo palienea uvumi uliowachoma kuliko homa: kwamba wahajiri wamerogwa, na kwamba hawatazaa tena. Miezi ikapita bila ya mtoto kuzaliwa katika nyumba yoyote ya muhajiri. Msomaji aliyewahi kuishi mtaani na bibi harusi ambaye mwaka umekatika hajashika mimba anajua jinsi maneno ya namna hiyo yanavyotafuna. Sasa yalikuwa yanasemwa juu ya jamii nzima iliyoacha nyumba, mali na makaburi ya wazee wao kwa ajili ya dini.

Wakati maneno hayo yanazunguka, Asmaa alikuwa Makka, na tumbo linakua. Kutoka Makka hadi Madina ni zaidi ya kilomita 400, na kwa mwendo wa ngamia ni zaidi ya juma zima, katika nchi ya mawe, mchanga na visima vilivyo mbali mbali. Baadhi ya wanahistoria wanamtaja katika msafara mmoja na Umm Ruman na Aisha, wakiongozwa na ndugu yake Abdallah. Leo mashirika mengi ya ndege humkatalia mama mwenye mimba iliyovuka wiki 36, na wakunga humtaka asiwe mbali na kituo cha afya. Asmaa alikuwa juu ya ngamia. Mnyama huyu akiinuka humtupa mpandaji mbele kisha nyuma, na akitembea humyumbisha siku nzima. Mwanamke yeyote aliyefika mwezi wa tisa hahitaji kuelezwa jinsi mgongo unavyokatika, miguu inavyovimba, usingizi unavyokuwa wa mang'amung'amu, na haja ndogo inavyomwamsha kila saa.

Mimba ya kwanza nayo ina ugeni wake. Aliyekwisha zaa hutambua tumbo linalojikaza na kuachia, na hutambua uchungu wenyewe unapoanza. Mwenye mimba ya kwanza hana kipimo. Kila kichomo humshtua, na kila mtoto anapotulia tumboni hushikwa na hofu. Kwetu huku Pwani ni ada kongwe kwamba mimba ya kwanza hurudishwa kwao, binti akazalie kwa mama yake mzazi, na sababu ni hiyo hiyo: awepo mtu wa kumwambia hili ni la kawaida, na lile liharakishiwe mkunga. Asmaa alifanya kinyume cha ada hiyo. Mama yake mzazi alikuwa Makka, naye alikuwa akimwacha nyuma, kwa kila hatua ya ngamia, bila ya kujua kama wataonana tena. Alikuwa na umri wa miaka 27 au 28. Angeweza kungoja ajifungue kwanza. Lakini Makka ilikuwa tayari imekwisha mpiga kofi mlangoni mwa nyumba ya baba yake, na Hijra ilikuwa ni wajibu kwa mwenye kuiweza. Alijiona anaiweza.

Hakufika mjini. Alipofika Quba, kijiji cha mitende kilichoko kilomita chache kusini ya Madina, ambako Mtume (S.A.W.) mwenyewe alishukia alipohama na ukajengwa msikiti wa kwanza, Asmaa alishuka, na hapo akajifungua. Mahujaji wetu wanaozuru msikiti wa Quba na kusali rakaa 2 kwa kutafuta thawabu za Umra, ni mara ngapi wameelezwa kwamba katika ardhi ile mama mmoja aliyetoka safarini alimzaa kifungua mimba wake?

Juu ya uchungu wenyewe, Asmaa hakutuachia neno. Amesema alishuka Quba, akazaa Quba, basi. Wapokezi wa hadithi walitaka kujua habari za mtoto, na yeye aliwapa walichotaka. Kimya hicho kisimdanganye mtu akadhani kwamba dini yetu inaona haya kuutaja uchungu wa mzazi. Qur'ani imemsimulia Bibi Maryam (A.S.), naye pia alikuwa katika mimba yake ya kwanza na peke yake, jinsi uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende hata akatamani lau angekufa kabla ya hayo, kisha akatulizwa, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende mbivu za kula. Hakukemewa kwa kutamani vile. Na aya ya 15 ya Surat Al-Ahqaf inamkumbusha mwanadamu kwamba mama alimbeba kwa taabu na akamzaa kwa taabu. Baadhi ya wafasiri wamesema aya hiyo ilishuka kwa sababu ya Abubakar Siddiq. Kama ni hivyo, basi baba aliyeteremshiwa maneno hayo kuhusu mama yake, akaja kuyaona kwa binti yake.

Mtoto alikuwa mwanamume. Asmaa akampeleka kwa Mtume (S.A.W.), akamweka mapajani mwake. Mtume akaomba tende. Hapa ipo habari ndogo aliyoihifadhi Bibi Aisha, nayo hutufanya tutabasamu kila tunapoisoma: tende haikupatikana mara moja. Katika mji wa mitende, ilibidi watu wahangaike kwa muda kuitafuta hata wakaipata. Tumfikirie mama aliyetoka kujifungua, anayeuguza mwili wake, ameketi na kifungua mimba wake ambaye bado hajanyonya, na watu wanapita huku na huku wanatafuta tende moja. Ikapatikana. Mtume (S.A.W.) akaitafuna, akaitia katika kinywa cha mtoto na kumsugulia ufizini, hata kitu cha kwanza kilichoingia tumboni mwa mtoto yule kikawa ni mate ya Mtume wa Allah. Akampangusa, akamwombea baraka, akamwita Abdallah. Hiyo ndiyo tahniki, ambayo wazee wetu wangali wanaifanya kwa watoto wachanga hadi leo.

Waislamu walipiga takbira, na sauti zao zikasikika mjini. Zipo riwaya zisemazo kwamba babu yake Abubakar alimzungusha Madina ili watu wamwone kwa macho yao. Uvumi ukafa siku ile. Kwa wahajiri wale mtoto yule alikuwa ushahidi kwamba hawakukatika, kwamba watakuwa na kizazi katika ardhi waliyoihamia. Bibi Aisha, ambaye hakujaaliwa kuzaa, aliruhusiwa na Mtume (S.A.W.) kujiita kwa jina la mpwa wake huyo, na ndiyo sababu kuniya yake ni Umm Abdallah. Furaha ya mji mzima, kwa hiyo, ilitoka katika tumbo la mwanamke mmoja aliyethubutu kusafiri nayo. Sisi tunaona kuwa hilo ndilo linalostahiki kutajwa mwanzo kila inapotajwa takbira ile.

Baada ya shangwe kukawa na maisha, na maisha yalikuwa magumu. Miaka ile ya mwanzo ya Madina, Asmaa akiwa na mtoto mdogo na wengine wakifuata, ndiye aliyemlisha farasi wa Zubeir na kumhudumia, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Alikiri kwamba mkate hakuujua kuuoka vizuri, na majirani zake wanawake wa Kiansari ndio waliomwokea. Aliwasifu kuwa ni wanawake wa kweli. Tunaipenda sana kauli yake hiyo ya kukiri. Binti wa Siddiq, mwenye mishipi miwili, hajui kuoka mkate, na jirani anamsaidia bila ya kumsimanga.

Zubeir alipopewa kipande cha ardhi na Mtume (S.A.W.), Asmaa akawa anakwenda huko kuokota kokwa za tende na kuzibeba kichwani hadi nyumbani, mwendo wa zaidi ya kilomita 3, kisha anazitwanga kuwa chakula cha ngamia. Siku moja alikutana njiani na Mtume (S.A.W.) pamoja na baadhi ya Ansari. Mtume akampigisha magoti ngamia wake ili ampakie nyuma yake. Asmaa akaona haya kufuatana na wanaume, akaukumbuka na wivu wa mumewe; Mtume akalitambua hilo akaendelea na safari yake. Alipomweleza Zubeir, mumewe alimwambia kwamba kumwona amebeba kokwa kichwani ni kuzito zaidi kwake kuliko kupanda na Mtume. Kisa hiki husimuliwa sana kwa ajili ya haya ya Asmaa na wivu wa Zubeir. Sisi tunaomba pia shingo ya mwanamke yule isisahauliwe, mama wa watoto wadogo chini ya mzigo juani. Hatimaye Abubakar alimpelekea mtumishi wa kumhudumia farasi, na Asmaa akasema ilikuwa kama vile ameachwa huru kutoka utumwani.

Tulimwomba msomaji amkumbuke Qutaila. Baada ya mkataba wa Hudaibiya wa mwaka wa 6 wa Hijra, njia ya baina ya Makka na Madina ilipofunguka, mama huyo alifunga safari kumfuata binti yake, angali mshirikina, akiwa na zawadi mkononi. Abdallah wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 5 au 6. Asmaa hakumfungulia mlango wala hakupokea zawadi kabla ya kupata hukumu. Akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama inafaa amuunge mama yake aliyekuja kwake akiwa na matumaini, naye akamwamuru amuunge. Wanazuoni wanaihusisha habari hii na aya ya 8 ya Surat Al-Mumtahana, inayobainisha kwamba Allah hakatazi wema na uadilifu kwa wasiowapiga vita Waislamu katika dini yao. Mama ambaye hakuwapo Quba akaingia nyumbani kwa binti yake kwa idhini ya Mtume wa Allah.

Asmaa alimzalia Zubeir watoto 8, wanaume 5 na wanawake 3. Baadaye waliachana, na wanahistoria wametofautiana juu ya sababu. Hatuoni faida ya kuingia huko. Zubeir aliuawa mwaka wa 36 wa Hijra, baada ya vita vya Ngamia. Asmaa alibakia na heshima yake na elimu yake. Amepokewa hadithi 58, na elimu ya kuagua ndoto aliyoipata kwa baba yake ilichukuliwa kwake na Said bin Musayyib. Mwanawe Urwa alikuja kuwa mmoja wa wanazuoni 7 wakubwa wa fiqhi wa Madina, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Hijra na kuhusu mimba ile ya kwanza imetufikia kwa njia yake.

Sasa tufike alikofika kifungua mimba wake. Mwaka wa 64 wa Hijra, Abdallah bin Zubeir alipewa kiapo cha utii Makka kuwa Khalifa, na nchi nyingi za Kiislamu zikamkubali. Ukoo wa Umayya ukajipanga upya Sham, na katika mwaka wa 72 Khalifa Abdulmalik bin Marwan akamtuma Hajjaj bin Yusuf kuizingira Makka. Mazingira yakachukua miezi, mawe ya manjaniki yakarushwa, njaa ikaingia, watu wakamkimbia Abdallah, hata baadhi ya wanawe. Akaingia kwa mama yake kutaka shauri. Asmaa alikuwa amekaribia miaka 100, amepofuka. Alimjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeijua nafsi yake. Akiwa yuko katika haki na aliilingania haki, basi na ashikamane nayo kama walivyofanya wenzake waliokufa kwa ajili yake. Abdallah akaeleza hofu yake ya kuuliwa kisha mwili wake ukachezewa. Mama akamjibu kuwa mbuzi akishachinjwa haumizwi na kuchunwa. Wanasimulia kwamba alipomkumbatia kumuaga mkono wake uligusa deraya chini ya nguo, akamwambia kuwa hilo si vazi la mwenye kutaka analolitaka yeye. Akaivua.

Aliuawa Jumada ya kwanza mwaka wa 73 wa Hijra, sawa na mwaka 692. Askari wa Sham wakapiga takbira. Imepokewa kuwa Abdallah bin Umar (R.A.) aliisikia sauti ile akawakumbusha watu kwamba waliopiga takbira siku alipozaliwa mtu huyu walikuwa bora kuliko waliopiga siku ya kuuawa kwake.

Hajjaj akamtundika maiti hadharani. Akamwita Asmaa, naye akakataa kwenda. Akatishia kutuma mtu wa kumburuta kwa nywele, akakataa vile vile. Mwishowe Hajjaj akafunga viatu vyake akamwendea mwenyewe, akamwuliza anaonaje alivyomfanya adui wa Allah. Asmaa akamjibu kwamba anaona amemharibia mwanawe dunia yake, na mwanawe amemharibia yeye Akhera yake, kisha akamhadithia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu mwangamizaji atakayetoka katika kabila la Thaqif. Hajjaj akaondoka asirudishe neno.

Bibi huyu alikuwa akimwomba Allah asimfishe hata akabidhiwe mwili wa mwanawe. Mwili ulipoteremshwa na kuletwa kwake, aliamrisha uoshwe. Mmoja wa waliouosha alisimulia kwamba hawakukishika kiungo ila kilibaki mikononi mwao, wakawa wanaosha kiungo kimoja na kukitia katika sanda, kisha kingine, mpaka walipomaliza. Asmaa akamsalia. Haukupita muda, wengine wamesema juma moja, naye akafariki huko Makka, akiwa wa mwisho kufa katika wanawake waliohama.